Vidato Vitatu vya Zahanati

Mimi ni mtu wa bara, na nilipopelekwa kisiwani Amu, yaani Lamu, miaka michache baada ya uhuru nilikuwa sijawahi kuiona bahari. Nilitapika njia nzima, nikafika gatini nimemshikilia baharia mmoja kama mtoto. Nilikwenda kuwa dresa, mfunga vidonda, wa chuo kidogo cha walimu ambacho siku hizi hakipo tena. Nilipewa chumba kimoja, meza, pamba, bandeji, spiriti na daftari la wagonjwa. Wanafunzi, vijana wa miaka ishirini na kitu, waliniita daktari, nami sikuwakatalia.

Chuo kilikuwa na vitu viwili vya kujivunia: kikombe cha riadha cha mkoa, na mwalimu wa michezo aliyekileta. Kikombe kilikaa juu ya meza ya mkuu wa chuo, naye alikifuta mwenyewe kwa leso yake kila asubuhi. Mkuu alikuwa mtu wa bara mwenzangu, mpole, mwenye sala ndefu, na mpaka leo siwezi kumchukia ipasavyo. Mwalimu wa michezo alikuwa askari zamani. Aliwakimbiza vijana mchangani jua la utosini, hata Ramadhani wakiwa na saumu zao, na aliyechelewa alipigwa mashavu ya miguu kwa kamba iliyolowekwa maji ya chumvi.

Najua hayo kwa sababu waliletwa kwangu. Kamba ina alama yake, na alama hiyo haifanani na kitu kingine chochote.

Nilikwenda kwa mkuu kumweleza. Nilikwenda mara mbili, na nataka hilo lijulikane, maana ndilo pekee la kujisifia nililo nalo. Mara ya kwanza alinipa chai. Mara ya pili alinipa chai na biskuti, akanisikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani yake.

"Andika ameanguka ngazini," aliniambia kwa upole. "Chuo ni jina, ndugu yangu. Haya mengine tutayamaliza wenyewe kwa wenyewe."

Nikaandika. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga huko nyumbani, na kazi ya serikali haikuokotwa njiani. Wa pili nilimwandika vivyo hivyo, na wa tatu. Kufikia wa nne sikuwa nasubiri kuambiwa.

Kisha akaja mkimbiaji bora kuliko wote, kijana wa hapo hapo mjini, mtoto wa fundi mwashi. Mfupa wa muundi ulikuwa unamuuma hata akilala. Nilimwandikia cheti cha kupumzika wiki mbili. Mwalimu wa michezo alikichana mbele ya wenzake, akamtoa mbio kwa kamba, na kabla ya adhuhuri mguu ule ulivunjika. Nilimfunga vibao, tukambeba kwa kitanda cha kamba kupitia vichochoro mpaka kwao. Baba yake alifungua mlango mikono ikiwa myeupe kwa chokaa. Hakupiga kelele. Aliniambia nipite ndani, akaniletea maji ya kunywa.

Mguu uliungwa ukaunga upande. Alipokuwa bado kitandani, chuo kilimwandikia barua kuwa amefukuzwa kwa utoro. Barua hiyo niliielewa mara moja. Wangekubali kuwa ni mgonjwa, ingebidi waseme kilichomuuguza. Mbio zilikuwa zimekwisha kwa kijana yule, lakini ualimu haukai mguuni, na ualimu ndio uliokuwa tegemeo lake. Baba yake akamwomba mtu mmoja wa msikitini kwao amwandikie malalamiko, barua ikaenda Mombasa kwenye bodi ya chuo. Bodi ikajibu kwamba inakuja Jumamosi.

Mkuu aliniita niende na daftari. Alilifungua, akapitisha kidole. Ameanguka ngazini. Ameanguka ngazini. Mara kumi na moja, kwa mwandiko wangu mzuri wa misheni. Mara kidole kikasimama.

"Ngazi zipi?" akauliza.

Tulitazamana. Chuo kile kilikuwa cha chini tupu, hakuna ghorofa, hakuna hata kizingiti cha kumkwaza kuku. Mkuu alikuwa ametoka chuo cha mlimani chenye ngazi kila upande, akaja na sentensi yake kutoka huko, na mimi mwoga nikainakili bila kuinua macho. Nusura nicheke.

Akalifunga daftari. "Maji ya mvua huingia zahanati, siyo?"

"Hayaingii, bwana."

"Yataingia," akasema. Akamtuma tarishi akamtafute mwashi wa kujenga kibaraza mbele ya mlango wangu, chenye vidato vitatu vya kupandia.

Mkuu hakuwajua wazazi wa wanafunzi. Wale walikuwa watu wa mjini, naye alikaa mezani na kikombe chake. Ndiyo maana hakushtuka asubuhi ya pili yule mzee wa mikono myeupe alipoingia na punda wawili waliobeba mawe, akamwamkia, akapokea maagizo yake. Aliyeshtuka ni mimi.

Mkuu alipoondoka, mzee aliutazama ukuta, kisha akanitazama.

"Ukuta hunu nauyua," alisema. "Ni mimi niloutia chokaa. Hapana mai yanayoingia hapa. Ngazi ya kwenda wapi hini?"

Nilimweleza. Sikupanga kumweleza, yalinitoka tu, hadi daftari nikamwonyesha, na jina la mwanawe kwenye mstari wa mwisho, naye eti ameanguka ngazini. Nilingoja anitukane. Ningefurahi kutukanwa.

"Watu wa mtaani wanambia tusome Halbadiri," alisema baadaye, akikoroga chokaa. Halbadiri nilikuwa nimeisikia: kisomo cha kumwapiza mkosaji, na hata sisi Wakristo wa pale tuliiogopa kimya kimya. "Nimekataa. Halbadiri haitagui mtu. Alopiga itampata, na aloficha itampata. Nawe ulimfunga mwanangu ukamleta mpaka mlangoni. Siwezi kukusomea weye."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Nikamwambia aache kazi ile, aende zake.

"Naijenga," alisema. "Nimeitiwa kazi. Na mtu huulizwa kazi ya mkono wake."

Akaijenga, tena vizuri, kila kidato kimepimwa kwa uzi.

Jumamosi bodi ilifika. Wakimbiaji wote walikuwa wamepelekwa mbali kwa mazoezi, kwa bahati tu, tukaambiwa. Mkuu aliwaongoza wageni zahanati, akasema kwa huzuni kwamba vidato hivi vimewaumiza vijana wengi. Mwenyekiti, bwana mmoja mwenye viatu vyeusi vya kung'aa, akapanda. Alipofika juu aliangalia chini. Viatu vilikuwa vyeupe mpaka kwenye kamba.

"Ngazi hii nani kaijenga?" aliuliza.

Mzee alikuwa amesimama pembeni, amevaa kanzu na kofia, amekuja kama mlalamikaji. "Ni mimi, bwana. Yuzi, siku ya Alkhamisi."

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa na vidato vitatu. Mkuu alitoa leso, akaishika tu.

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Wewe ulimwona kijana akianguka?"

"Sikumwona, bwana."

"Ulimwona akipigwa?"

Mzee alinitazama. Mkuu alinitazama. Nilimfikiria mtoto wangu.

"Sikumwona," nikasema.

Yote mawili yalikuwa kweli. Niliona majeraha tu, na kuhusu majeraha hakuna aliyeniuliza. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ukweli ule.

Bodi iliandika kwamba palitokea kutoelewana. Kijana akarudishwa chuoni, na hilo alilipata kwa mkono wa baba yake, si kwa mdomo wangu. Mkuu alibaki. Kikombe kilibaki. Mwalimu wa michezo alihamishiwa chuo kingine cha bara, akabeba barua ya sifa, maana hapakuwa na mstari mmoja popote uliosema jambo baya juu yake. Mstari huo ungetoka kwangu.

Kijana alirudi na fimbo. Wiki ile ile alikuja zahanati kutazamwa mguu. Nilimsikia akipanda kidato cha kwanza, cha pili, kisha kishindo. Nilitoka mbio nikamkuta amekaa chini, goti linatoka damu, fimbo imebiringika mpaka uani.

"Andika, bwana daktari," alisema. "Leo nimeanguka ngazini kweli."

Nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nikaona yeye hacheki. Nikamwinua, nikamkalisha kitini. Nilipokuwa nasafisha goti alikuwa anatazama nje mlangoni, kwenye kazi ya baba yake.

"Na huko alokwenda mwalimu," aliuliza, "kuna ngazi huko?"

 Nilimaliza kufunga bandeji, nikampa fimbo yake, nikamshika mkono mpaka akavishuka vidato vyote vitatu. Kisha nilirudi ndani, nikachukua karatasi ya barua, nikaandika juu yake jina la chuo kile cha bara, nikafungua daftari kwenye jina la yule wa kwanza aliyepigwa kamba.