Kiganja cha Aum Yangdon

Daktari aliposema ini limechoka, Aum Yangdon, bibi wa kijiji cha Ura, aliapa mbele ya madhabahu ya nyumbani kwamba hatagusa tena ara, pombe kali aliyoipika mwenyewe miaka arobaini. Aliyemwapisha ni binti yake Lhadon, muuguzi huko Thimphu, mji mkuu, na hakumung'unya maneno.

“Ukionja tena, Ama, nafunga nyumba hii. Utakuja kukaa kwangu, ghorofa ya nne.”

Ghorofa ya nne! Bila ng'ombe, bila jirani wa kusengenya naye. Bibi aliapa upesi.

Kisha akashika dini. Hakuna nyumba kijijini iliyofanya ibada yake ya mwaka asiwepo. Siri aliijua Tenpa, kasisi wa kijiji, mwenye mke na mashamba yake, ambaye wote humwita Lopen, yaani mwalimu. Kwenye karamu ya ibada yeye hupita na bakuli la ibada lililochongwa kwa fuvu, akimmiminia kila mtu kiganjani ara iliyobarikiwa, na kuikataa ni kosa kubwa kuliko kumkosea binti. Aum Yangdon alikikunja kiganja kikawa na kina cha ajabu, akanywa, kisha akahamia mwisho wa mstari.

“Aum, wewe si umeshapokea?” kasisi akauliza.

“Ile ilikuwa baraka ya mwili, Lopen. Sasa nataka ya usemi. Na ya moyo bado.”

Umbea ukafika Thimphu. Siku ya ibada ya nyumba yao Lhadon alikuja, akafunga nguo za mama yake mafurushi mawili, akayaweka mlangoni. Halafu akasema kinywaji cha ibada atakiandaa yeye.

Fuvu likapita. Bibi akagugumia. Juisi ya tufaha! Akamkazia kasisi macho.

“Imeshabarikiwa,” Tenpa alisema, akijibana asicheke. “Utaitema?”

Nyuma ya Bibi, jirani yao mzee Nado alikuwa ameshakinga kiganja, mate yakimtoka. Lhadon alisimama kando ya mafurushi, midomo ikimtetemeka. Bibi alikuwa amejiandaa kumfokea. Sasa aliona kwamba mtoto wake anaogopa kufiwa, na hasira ikamwisha.

“Kali hiyo!” akatangaza. “Sijawahi kuonja kama hii. Lopen, mjazie Nado, usimpunje!”

Nado akanywa, akakunja uso. Aum Yangdon alikuwa ameshafika mwisho wa mstari, kiganja mbele.

“Ya usemi, Lopen.”

Akanywa ya usemi, akanywa na ya moyo. Lhadon akayabeba mafurushi, akayarudisha chumbani kwa mama yake.