Rimu za Mkokoteni

Mama yangu hajawahi kukataa jambo waziwazi. Anakupa sharti ambalo anajua hutaliweza, kisha anaendelea kuchambua mbegu zake za viazi. Nilipokwenda nyumbani, nje kidogo ya mji wa Njombe, kumwambia kwamba kitinda mimba wangu anapata kipaimara kanisani kwetu Makambako, na kwamba mtoto mwenyewe ameapa hataki sherehe kama bibi hayupo, mama alimshukuru Mungu vizuri tu. Kisha akasema, "Nitakuja siku gari la baba yako litakaponipeleka."

Gari la baba lilikuwa nyuma ya jiko, juu ya matofali. Ni la Kimarekani, refu na pana, rangi ya maziwa yaliyolala, usukani uko kushoto. Baba aliachiwa na mmisionari, baada ya kumtumikia kama dereva kwa miaka mingi, akaliendesha mpaka magoti yalipomshinda. Tangu tumzike, mama hakuvuka tena njia ya kanisani na ya shambani. Mdogo wake wa Matamba alikuwa akimtumia salamu kila mavuno, aende akaone nyumba waliyozaliwa, na jibu lilikuwa lile lile: safari zangu zimekwisha.

Kila alasiri alifungua mlango wa nyuma wa gari lile, akakaa mahali pake pa siku zote, nyuma ya kiti cha dereva, na sahani ya mbegu mapajani. Kiti cha mbele hakikuwahi kuwa chake. Kwa sheria ya baba, mbele palikuwa pa wageni: mchungaji, mgonjwa, hata mlevi aliyeokotwa njiani. Siku moja nilimuuliza kwa nini asikae barazani aote jua kama wajane wenzake.

"Hapa nimezoea kumwona kisogo," alisema.

Nilikwenda bombani nikanawa uso. Niseme ukweli, niliogopa. Alikuwa anakonda, kitenge kinamzunguka mara mbili, na niliona kwamba tunampoteza polepole, akiwa amekaa, na sisi tunamtazama.

Ndiyo maana lile sharti lake sikulichukua kama alivyolikusudia. Mimi nauza mbao Makambako. Riziki yangu ni kubishana na madereva wa malori, na hasira nilizonazo nimerithi kwa baba, hazijapungua hata kijiko. Nilisimama nikamwambia, "Mama, ahadi ni deni." Akaniangalia kama mtu aliyeacha mlango wazi na mbuzi wameingia.

Kaka yangu, anayeishi naye pale nyumbani, alicheka. Yeye gari lile analiita jeneza, na alikwisha kuwaleta wanunuzi wa chuma chakavu, mama akawatimua kwa ufagio. Lakini kila Jumamosi analiwasha, kama baba alivyokuwa akifanya, halafu anajifanya alikuwa anafukuza kuku. Kwa hiyo injini ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni miguu.

Nilimchukua fundi wangu wa Makambako, kijana mpole anayezishughulikia tairi za malori yangu. Alitambaa uvunguni, akatoka na matope kifuani. Tairi zote nne zilikuwa zimepasukapasuka, hilo tulilitegemea. Tatizo lilikuwa rimu. Mbili zilikuwa nzima. Mbili za upande wa mteremko, maji yanakotuama, zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka kidole kinapita.

"Si ni rimu tu," nikasema. "Makambako kuna vilima vya rimu za mtumba."

Vilima vipo, lakini ni vya magari ya Kijapani. Tulivizunguka mchana kutwa, tukipima. Matundu ya bolti yalikuwa matano kama ya kwetu, ila yamekaribiana mno. "Dada, matundu ya baba yako yamekaa mbalimbali kama nyumba za Makete," fundi alisema. Mwuza rimu mmoja akashauri tutoboe mengine. Fundi wangu alikataa kabisa. "Mimi simpandishi mama wa mtu juu ya tundu la kubahatisha," akasema, na tangu siku ile nampenda kama ndugu.

Zikapita wiki. Nilishikwa na ugonjwa wa kutazama magurudumu. Mtu ananisalimia, mimi naangalia gari lake chini. Ndivyo nilivyouona ule mkokoteni. Nilikuwa nimefuata mbao Kichiwa, na mbele yetu maksai wawili walikuwa wanavuta magunia ya viazi kwenye njia ya matope. Magurudumu ya mkokoteni yalikuwa na vipara, yamepakwa kinyesi na udongo, lakini matundu yake yalikaa mbalimbali. Nilimsimamisha dereva wangu, nikashuka na viatu vyangu vya kanisani, nikachuchumaa kwenye tope nyuma ya ng'ombe.

"Kamwene, mama," mwenye mkokoteni alinisalimia. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti la mvua. "Umepoteza nini hapo?"

"Kamwene, baba. Sijapoteza. Nimepata."

Nilipomtajia gari la baba, alinieleza kwamba misheni ilikuwa na magari mawili ya aina ile. Moja alipewa baba yangu. Lingine lilipinduka, likakatwa vipande, na ekseli yake, chuma kile kinachobeba magurudumu mawili, ndiyo iliyozaa mkokoteni huu. Nilimwambia anitajie bei ya rimu zake. Hapo akawaka.

"Unataka kununua miguu ya ng'ombe wangu wakati viazi viko shambani?"

Nikapandisha sauti, naye akapandisha. Maneno niliyozoea kuwatolea madereva yakanitoka yote. Maksai walitutazama kwa zamu wakitafuna. Tulipochoka, alinikaribisha kwake, akaniwekea viazi vya kuchemsha na chumvi, na kwa kuwa mtu hawezi kugombana huku amejaza mdomo kiazi cha moto, nikamweleza habari za mama.

Aliweka kiazi chini. "Yule aliyekuwa akikaa nyuma?" akauliza. "Siku mke wangu aliposhikwa na uchungu, baba yako ndiye aliyetupeleka hospitali. Mke wangu alikaa mbele. Mama yako alimshika mabega kutoka nyuma njia nzima, akimwimbia."

Rimu alinipa. Lakini alisema mkokoteni wake usilale hata siku moja, na kwamba siku tutakayompeleka mama tumpitie, aione miguu yake ikitembea. Fundi akaleta ekseli nzima ya pikapu kutoka Makambako, na magurudumu yake, akaifunga pale uani wakati maksai wanakula majani ya mchana. Walipofungwa tena, mzee alisema mkokoteni umekuwa mwepesi, akanitazama kwa jicho la mtu aliyemlalia mwenzake kwenye biashara.

Rimu zilisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana. Moja ilikuwa imejikunja ukingoni. Fundi aliinyoosha kwa nyundo taratibu, akiizungusha na kuichungulia kwa jicho moja, kisha tukazipaka zote nne rangi ya fedha. Nilinunua tairi mpya nne, dukani, sikutaka za mtumba. Zilipojazwa upepo fundi akazipaka maji ya sabuni pembeni, na sote tukainama kutafuta povu. Hata kaka aliinama. Povu halikutoka.

Mama alitoka jikoni jeki iliposhushwa. Gari lilikaa chini polepole, likapumua, na matofali yakabaki peke yake kwenye majani. Alipitisha kiganja kwenye tairi mpya, pale penye vile vinyweleo vya mpira.

"Lina manyoya kama ndama," alisema, akarudi jikoni. Usiku ule sikujua kama atakuja.

Jumamosi, mkesha wa kipaimara, asubuhi ya ukungu, alitoka amevaa kitenge chake cha Krismasi, akafungua mlango wa nyuma, akakaa mahali pake. Kaka akakaa mbele kama mgeni rasmi. Mimi nikashika usukani. Kwenye kioo nilimwona anakitazama kisogo changu, nacho ni cha baba, kimechomoza vilevile, nilitaniwa nacho shule nzima. Niliendesha nikiwa nimenyoosha shingo kama askari, njia yote hadi Kichiwa.

Mzee wa mkokoteni alikuwa anatusubiri kando ya njia na mfuko wake. Alizipiga rimu zake teke, moja moja, akaridhika, akaomba lifti hadi Makambako kununua dawa ya ng'ombe. Mama papo hapo akamwambia kaka, "Toka mbele. Kuna mgeni."

Kaka akatoka. Mzee akachungulia kile kiti cha kulia, ambako magari yote ya nchi hii huweka dereva, akarudi nyuma.

"Hapana, mama. Mimi sijui kuendesha. Nikionekana nimekaa hapo wataniuliza leseni."

Tulimweleza, hakutaka. Akajipenyeza nyuma na mfuko wake, kaka akamfuata, na kiti cha mbele kikabaki kitupu. Mama, aliyekuwa ameshuka kuwapisha, alisimama nje anakitazama. Nilishindwa kujizuia. "Mama, panda! Wageni wamekwisha!" Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka. Akapanda. Alikaa ukingoni, mikono magotini, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona mama yangu akiitazama barabara bila kichwa cha mtu mbele yake.

Tulipokaribia Makambako, askari wa barabarani alitusimamisha. Alikuja moja kwa moja dirisha la kulia, akamkuta bibi mwenye kilemba.

"Shikamoo, bibi. Naomba leseni."

Mama alimtazama askari. Akatazama mbele yake, pasipo na usukani wala kitu. Akainua mikono yake miwili mitupu kumwonyesha, na kicheko kikamtoka, kicheko nilichokuwa nimekisahau, cha kutoka tumboni, mpaka mabega yakatikisika na kilemba kikalegea. Nyuma mzee alikuwa anapiga kelele, "Si niliwaambia! Si niliwaambia!" Askari naye akacheka, akatupungia mkono tupite.

Nilitia gia. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akajisogeza, akaegemea kiti vizuri.

"Hizi tairi," aliuliza, "zinafika Matamba?"

"Zinafika, mama," nikasema. Ilibidi nisimamishe gari tena, maana barabara nilikuwa siioni.