Nywele za Kwanza

Wakati wa vita, darasa moja la shule huko Murara, Goma, liligeuzwa kuwa wodi ya watoto wa wakimbizi. Mimi nilikuwa mfagiaji. Niliacha shule mapema, nikabeba samaki sokoni Kituku, nikapasua kuni Rumangabo, na kote huko sikukaa. Pale nilikaa kwa sababu kila siku niliona kitu nisichokijua.

Asubuhi moja aliletwa mtoto wa kike wa miezi kama minane, ameishiwa maji kwa kuhara. Macho yalikuwa yameingia ndani, na hakulia tena. Mishipa ya mikono haikuonekana. Muuguzi, mwanamke wa haraka asiyependa maneno mengi, alichukua wembe akamnyoa upande mmoja wa kichwa, atafute mshipa wa kuwekea serumu, yale maji ya dawa ya kutundikwa. Sindano ikakosa. Mimi nikazifagia zile nywele pamoja na za watoto wawili walionyolewa kabla yake.

Muuguzi alipogeukia upande wa pili, mama akamfunika mtoto kichwa kwa kiganja.

"Nywele ya mutoto wangu iko wapi?"

Nilisema nimezitupa.

"Basi tunaenda." Akaanza kumfunga mtoto mgongoni kwa kitenge.

Mama wa kitanda cha jirani akanicheka. "Huyu baba anafagia kila kitu. Ulale vibaya, atakufagia na wewe."

Mama wa mtoto alizidi kukaza kitenge. Muuguzi alimwambia kwamba mtoto hatafika hata barabarani. Mama akajibu kwa sauti ya chini kwamba zile zilikuwa nywele za kwanza. Kwao zinazikwa nyuma ya nyumba, mtoto awe na kwao. Nyumba ilichomwa. "Nilitaka nizibebe mpaka siku tutarudi."

Nikakimbilia shimo la taka. Halikuwa refu, maana Goma ukichimba kidogo unakuta jiwe la volkano. Niliokota zote, nikarudi nazo ndani ya kofia yangu. Nilitaka kusema ni zake. Muuguzi akanitangulia.

"Mama, zimechanganyika na za batoto bengine. Siwezi kukudanganya. Nilikosa, sikukuuliza."

Mtoto alikuwa anapumua mbio mbio. Mama akanyoosha mkono. Kofia hakuigusa. Alichukua wembe.

Alimpakata mtoto juu ya kitenge, akamnyoa mwenyewe upande wa pili, polepole, nywele zote zikiangukia humo. Akazifunga fundo. "Sasa piga," akasema, akakishika kichwa kisitikisike.

Serumu ikaanza kudondoka. Mchana mtoto alilia, kwa hasira, na wodi nzima ikageuka kumsikiliza.

Tangu siku ile muuguzi alianza kwa kumkabidhi kila mama wembe, nami sikufagia kabla ya kuuliza. Zile za ndani ya kofia nilizizika nyuma ya darasa, nikazifunika kwa mawe. Sikujua zipi ni za nani. Walikuwa watoto watatu.