Chupa ya Mwalimu Zuhura

Usiku ule usingizi ulinijia vipandevipande; kila nikisinzia nashtuka. Asubuhi yake mkuu wa idara angekuja maabara kuuvuta uzi wetu kwa mikono yake. Ukikatika tena, basi: kichocheo chetu cha zinki, kinachoziunga molekuli za uzi, kinawekwa kando, tunarudi kwenye kile cha bati kama watu wengine wote. Na zinki lilikuwa wazo la Mwalimu Zuhura, aliyenifundisha kemia mpaka nikaipenda, akafariki kabla ya masika. Alitaka uzi wa kushonea vidonda, unaoyeyuka wenyewe mwilini. "Zinki mwili unaijua," alikuwa akisema. "Bati ni mgeni."

Nikaota niko maabara. Nje mvua inanyesha. Mwalimu amekaa kwenye stuli yake, koti jeupe limelowa chapachapa, maji yanamchuruzika viganjani. Nikamwamkia, hakuitikia. Sikuogopa, niliona aibu tu kwamba mgeni amefika na sijamkirimu, nikamjazia glasi ya maji. Akaisukuma kwa kidole.

"Maji yametosha, mwanangu."

Sijui tulitokaje pale. Sasa ni sebuleni kwake, siku ya matanga, watu wameketi mkekani na wanapokezana chupa. Naijua ile chupa. Ina laktaidi, chembe nyeupe mfano wa sukari, tunazotengenezea uzi, za mwisho alizozisafisha yeye mwenyewe. Salome, mwenzangu wa maabara, anafungua kifuniko, anachungulia, anavuta pumzi, anampa wa pili. Wa pili naye anafungua. Mwalimu yumo katikati yao, na kila kifuniko kikifunguliwa anatetemeka.

"Nifunikeni," anasema.

Natafuta kanga. Naipata, imechanika. Nataka kuishona kwa uzi wetu, nao unakatika, naunga, unakatika, mikono yangu inakwenda mbio na watu wanaendelea kupeana chupa kama vile hawanioni. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Mwalimu ananishika mkono, mkono wake wa baridi, ananielekeza kwenye chupa.

"Nifunikeni, mwanangu."

Nikaamka, shuka limenizonga miguuni.

Tangu tumzike, chupa ile ilikaa kwenye meza yake ya kazi. Kila asubuhi, mimi au Salome, yeyote aliyetangulia, alikuwa akiifungua, akizitazama zile chembe na kusema, "Umeamkaje, Mwalimu?" Ndipo tuanze kazi. Masika yote hayo, hewa imejaa unyevu! Molekuli za laktaidi zina umbo la pete. Zinki hufungua pete moja, ikaiunga na nyingine na nyingine, mpaka uwe mnyororo mrefu, na mnyororo mrefu ndio uzi imara. Maji yakiingia, minyororo huanza mingi mno, yote inabaki mifupi. Hayo nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza! Uzi ulipoanza kukatika tulikagua mitungi ya gesi, mipira yake, hata zinki yenyewe. Chupa ya Mwalimu hatukuishuku. Nani angeishuku?

Nikampigia Salome.

"Usiifungue chupa leo," nikamwambia. "Imeingia maji. Tumwombe mkuu muda, tuisafishe laktaidi upya."

"Kuisafisha ni kuiyeyusha yote, kaka."

"Najua."

"Zile chembe ni za mikono yake. Hatuna kingine chake."

Nilijua hilo pia, na liliniuma. Nikamsimulia ndoto yote, tangu glasi ya maji. Nikamsikia akipenga kamasi.

"Alikuwa amekasirika?"

"Hapana," nikasema. "Alikuwa anasikia baridi."