Nilivyopanda Machame na sale mkononi kwa sababu ya tambo za mpira

Salaam wakuu.

Kwa muda mrefu humu nimekuwa mtu wa kusoma, kucheka peke yangu na kuondoka bila kuaga. Leo nimejikaza na mimi nishushe mkasa wangu. Haya yamenikuta mwenyewe, na chumvi sijaongeza, kwa sababu mhusika mkuu husoma jukwaa hili kila jioni akishamaliza kukamua ng'ombe. Nikidanganya nitaumbuliwa kwenye comment ya kwanza.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni kijana wa Moshi, chuo nimemaliza, cheti kiko kabatini, kazi bado. Naishi Pasua kwa mama mdogo wangu, mwenye genge la ndizi na nyanya. Ugonjwa wangu ni kuwaza. Mtu akinijibu "sawa" bila nukta, nawaza. Akiweka nukta, nawaza zaidi.

Sasa msimu huu timu ya mtaani kwetu, Pasua Kombaini, iliingia kombe la taifa, lile la mtoano. Kwa wasiofuatilia, kombe hili ukifungwa mara moja umeaga. Hakuna cha "tunarudi uwanja wa mazoezi kurekebisha makosa". Mtu mwenye kichwa kama changu hakutakiwa hata kulisogelea.

Lakini mwenyekiti wa timu, ambaye ni fundi pikipiki, alinikuta gengeni nimeinamia simu, akasema msomi mzima asikae bure wakati timu haina msemaji. Siku hizi hata timu isiyo na nyavu ina msemaji. Na kazi ya msemaji mnaijua: tambo.

Wakuu, nilijishangaa. Ana kwa ana mimi siwezi hata kumwambia kinyozi amenikosea, huwa nasema "safi sana" halafu nanunua kofia. Ila nikishika simu kuandika kwa niaba ya Pasua Kombaini, nilikuwa simba.

Raundi ya kwanza tukawatoa watu wa Mwanga kwa bao la kona. Niliandika mambo mazito. Raundi iliyofuata tukawatoa wengine kwa penati. Nikaandika mazito zaidi. Mtaani watu wakaanza kuniita Msemaji, hata mama mdogo akawa ananituma maji kwa cheo hicho.

Ikaja droo. Tukapangwa na Kahawa Stars ya Machame.

Pasua ilichekelea wiki nzima. Sisi wa huku chini tunawaona wa Machame kama watu wa migomba na kwaya, wao wanatuona sisi watu wa vumbi na kelele. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu yangu. Nikakaa asubuhi nzima, nikaandika na kufuta, mwisho nikapandisha hii:

"Tunawashauri ndugu zetu wa Kahawa Stars siku ya mechi wamalize kukamua mapema, maana jioni mikono yote itakuwa kichwani. Na mlezi wao, popote alipo, aandaliwe mtori wa moto. Kilio hukausha koo."

Mtori, kwa wageni, ni ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama ambao huku kwetu hupewa mama aliyejifungua ili apate nguvu. Kwa hiyo mlielewe tusi langu vizuri.

Posti ikatembea. Magrupu yote ya Moshi yakawa nayo.

Hapa nimlete Aika.

Aika ni mchumba wangu, anafanya kazi duka la dawa mjini, kwao ni Machame. Tulishakubaliana Desemba, watu wakirudi nyumbani, niende kwao na wazee wangu kujitambulisha. Kuhusu baba yake alishaniambia mambo matatu: ni mzee wa kanisa, ana ng'ombe wa maziwa, na anapenda mpira kidogo.

Hilo neno "kidogo" lilitakiwa liniamshe.

Jioni ile Aika akanitumia ujumbe: "Baba ndiye mlezi wao. Ameona."

Basi. Hakuna kingine. Nikapiga, simu haipatikani.

Ameona! Ameona akafanyaje? Nilikisoma kile kitenzi mpaka kikapoteza maana. Kama angekuwa hajakasirika, si Aika angeandika "ameona, amecheka"? Na kwa nini azime simu? Kufika asubuhi nilikuwa nimeshajiona Desemba nimekaa gengeni, nachambua nyanya, huku Aika anatambulishwa kijana mwingine asiye na account yoyote.

Nikamweleza mama mdogo. Yeye alikuwa anapanga ndizi, hata hakugeuka.

"Kosa kwa baba mkwe haliombewi msamaha kwenye simu, mwanangu. Kata sale upande mlimani."

Akacheka, akaendelea na ndizi zake. Mimi sikukiona kicheko. Niliona njia.

Sale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani tunaopanda mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Mchaga akikosa kosa kubwa, anachukua jani la sale, anampelekea yule aliyekosewa. Ukiletewa sale hukatai kusamehe. Ila na wewe uliyeleta, lazima ueleze kosa lako mbele ya watu. Ni jambo zito, wakuu. Ndugu waliogombana kwa mpaka hupatanishwa kwa sale. Sijawahi kusikia ikitumika kwa mambo ya WhatsApp.

Nikaenda nyuma ya nyumba, kuna mashina machache mama mdogo ameotesha. Nikaanza kuwaza kama jani moja halitaonekana dharau. Nikakata kilele kizima pamoja na kikonyo chake. Nikavaa koti la graduation.

Jumamosi asubuhi nikapanda Machame.

Yule kijana wa boda aliyenichukua barabarani aliangalia sale, akaangalia koti, akaendesha polepole kama amebeba jeneza. Kina mama waliobeba majani ya ng'ombe walikuwa wanaongea, wakanyamaza mpaka tupite. Kunishusha akanishika bega. "Pole, kaka. Yataisha tu."

Nilianza kuhisi kuna kitu sijakipigia hesabu.

Aika alikuwa ameshashuka mjini dukani. Mama Aika alikuwa anatoka bandani na ndoo ya maziwa. Alinijua kwa picha, akaanza kutabasamu. Nikamwamkia shikamoo. Kabla hajaitikia, macho yake yakatua kwenye sale. Akaweka ndoo chini, akakaa kwenye ngazi.

"Baba Aika," akaita kwa sauti ndogo. "Njoo. Kijana wa Aika amekuja na sale."

Mzee akatoka na gamboti zake, mrefu kama mti wa mgrevilea. Akaitikia shikamoo yangu, ila sale hakuigusa. Akatuma aitwe kaka yake wa kihamba cha pili, kwamba jambo la sale halisikilizwi na sikio moja. Baba mkubwa akaja. Shangazi naye akaja, na huyu nadhani hakuitwa.

Tukakaa. Chai haikuletwa. Machame, wakuu! Kwenye nyumba yenye ng'ombe wanne! Ukiona hupewi chai pale, jua kesi yako iko mahakama ya juu.

Baba mkubwa akasema sale wameiona, nieleze kosa. Nikasema nimekosa, nimeikosea familia nzima, na niko tayari kubeba majukumu yangu.

Shangazi akauliza kosa lina muda gani.

Nikasema halijamaliza wiki.

Shangazi akamgeukia Mama Aika. "Wiki moja, na wameshajua?"

Mama Aika akaanza kufuta macho kwa kanga. Mimi nikaona, kumbe ile posti imewaumiza kiasi hiki.

Mzee akainama mbele, viwiko juu ya magoti. "Kijana. Mwanangu ana mimba?"

Wakuu, niliona kilele cha Kibo kikizunguka.

"Hapana, mzee. Ni ile posti."

"Posti gani?"

Nikasema ya mpira. Baba mkubwa akasema yeye hana simu ya kugusa, kwa hiyo isomwe wasikie wote. Basi nikasimama kwenye sebule ya mzee wa kanisa, na koti langu, sale kwapani, nikasoma tambo zangu mwenyewe neno kwa neno. Kukamua mapema. Mikono kichwani. Mtori. Huko bandani ng'ombe akalia, kama aliyetajwa jina.



Wa kwanza kushindwa kujizuia alikuwa Mama Aika. Alijifunika uso kwa ile kanga aliyokuwa anafutia machozi, mabega yakaanza kutikisika. Shangazi akafuata. Baba mkubwa akaomba nirudie pale pa mtori.

Mzee hakucheka. Akatoa simu, akanionyesha. Ile posti yangu alikuwa ameiweka kwenye status yake tangu siku ile ile, na mazoezini alishawasomea wachezaji ili wapate hasira. "Ameona" ya Aika ilikuwa na maana ya ameona. Simu yake iliishiwa chaji tu, na kwao mlimani siku ile umeme ulikatika.

Chai ikaletwa. Nikajua nimepona.

Nikakosea tena.

"Ungekuja mikono mitupu," mzee akasema, "tungekunywa chai tukacheka, ukaenda. Umekuja na sale. Mimi sikukushtaki, umejishtaki mwenyewe. Sale haitoki hapa bila adhabu."

Akashauriana na kaka yake kwa Kichaga, wakielewana haraka mno kwa jambo zito kiasi hicho. Hukumu ikawa hii: siku ya mechi nitakaa upande wa Machame, pembeni yake, bila kufungua mdomo mpaka mpira uishe. Msemaji asiseme. Na habari za Desemba? Akasema hizo tutaziongea baada ya mechi, akiona kama naweza kutimiza neno.

Siku ya mechi nikakaa nilipopangiwa. Pasua nzima ikaniona. Waliniita Yuda, wakaniita mnunuliwa, kuna mmoja akaimba jina langu na neno "maziwa". Mwenyekiti akanitumia alama ya kuuliza tupu. Sikuweza kumjibu hata yeye, maana sikuwa na uhakika kama kuandika nako ni kusema.

Mzee akaja na thermos kubwa, akaiweka katikati ya miguu yake.

"Mtori," akasema. "Nimeandaa kama ulivyonishauri."

Kahawa Stars wakatangulia kufunga. Mzee akanyanyuka, akacheza hatua mbili za kwaya, akanitazama usoni kwa muda mrefu. Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Mpira unakaribia kuisha, beki wetu akaruka, akasawazisha kwa kichwa. Niling'ata mkono wa koti. Alama za meno ziko mpaka leo.

Penati.

Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi kuliko siku zote. Tukishinda, mzee atakasirika, Aika ndiyo basi. Tukifungwa, Pasua watasema nimeiuza timu. Nikashinda na hesabu hizo mpaka nikajikuta naomba Mungu sare. Kwenye kombe la mtoano, wakuu. Hata Mungu nadhani aliomba nirudie.

Nahodha wa Kahawa Stars akapiga ya mwisho. Ikapaa, ikaangukia shamba la mahindi nyuma ya goli.

Upande wa pili Pasua ikalipuka. Mimi nimekaa, mdomo nimeufunga, mikono juu ya magoti. Ilikuwa timu yangu, nimeisemea tangu raundi ya kwanza, na siku kubwa kuliko zote nimeketi kama mgeni kwenye ibada ya watu.

Mzee alisimama muda, anaangalia yale mahindi. Mikono yake yote miwili ilikuwa kichwani. Alipogundua, akaishusha taratibu.

Akakaa. Akafungua thermos, akamimina kwenye kifuniko, akanywa. Akamimina tena, akanipa.

"Ni kweli," akasema. "Kilio hukausha koo."

Halafu akasema adhabu imekwisha, niongee.

Muda wote ule nilikuwa nimepanga hotuba tatu, ya kushinda, ya kushindwa na ya mechi kuvunjika. Zote zikayeyuka. Kikatoka kitu ambacho sikukiwaza hata kidogo.

"Mzee, naomba Desemba nije na wazee wangu."

Akapangusa kifuniko kwa leso, akafunga thermos.

"Waje mapema," akasema. "Kabla sijaenda kukamua."

Desemba tulienda, wakuu, na mapema kweli, ukungu haujatoka migombani. Chai ilikuwa mezani kabla hatujakaa. Getini nikaona kile kilele cha sale Mama Aika amekiotesha, kimeshika, kinatoa majani. Watoto wa pale wanakiita mti wa msemaji. Nilitaka kuuliza maana yake nini kiundani, Aika akanifinya.

Kuhusu kombe, raundi iliyofuata tulipangiwa timu moja ya ligi kuu. Wametupiga sita. Bado nilikuwa uwanjani naokota vipande vya heshima, simu ikalia, ujumbe wa mzee. Maneno mawili tu: "Mtori upo."

Zamani ningeyachambua mpaka asubuhi. Safari hii nilivaa viatu nikapanda mlima.

Nilichojifunza: kabla hujaomba msamaha, uliza kwanza kama kuna mtu amekasirika. Na sale si emoji, jamani.

Waliowahi kuponzwa na tambo zao karibuni tuliwazane. Wa Machame nanyi semeni, ila kwa adabu. Mzee, nikiona comment yako nitaamka kuamkia: shikamoo.