Mbuzi wa Koko na Besi ya Papa

Utumbo wa mbuzi uliooshwa kwa maji ya majivu haunuki kama nyama. Harufu yake inakaribia ile ya nguo iliyofuliwa ikachelewa kukauka, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya kanisa. Nilikulia kwenye kilima kimoja cha Masisi, mahali ambapo ukungu huingia ndani ya nyumba asubuhi bila kubisha hodi. Kanisani kwetu, kando ya ngoma, ilisimama besi ya papa, baba yangu: sanduku la mbao nyekundu lenye kiuno na shingo, refu kumpita mama, lenye nyuzi tatu nene zilizovutwa kwa vidole na mtu aliyesimama nyuma yake kama anayemkumbatia ndugu. Papa aliitengeneza mwenyewe. Alikuwa mtu wa Walikale, wa upande wa Pinga, mtoto wa wawindaji, aliyekuja kuoa kwetu akabaki. Watu wa kilimani walimwita "muntu wa pori", kwa utani ambao haukuwa utani wote. Lakini Jumapili, besi ikianza kunguruma chini ya sauti za wanawake, hakuna aliyemwita hivyo.

Alikuwa amejaribu nyuzi za kila namna. Waya wa breki ya baiskeli ulikuwa na nguvu, lakini ulimkata vidole, na mlio wake ulikuwa wa sahani iliyoanguka. Nailoni ya wavuvi, aliyoletewa kutoka Kirotshe, haikuogopa mvua, ila hata alipoisokota ikawa nene iliendelea kurefuka katikati ya wimbo, na waimbaji wakashuka nayo bila kujua. Utumbo ndio uliotoa sauti aliyoitaka, nzito na ya joto, inayofika kifuani kabla ya masikioni. Ubaya wake ni kwamba ukungu wetu uliulegeza. Sasa kwao Walikale mawese ni mengi, na kitu chochote kinachoogopa unyevu hupakwa mawese. Kwa hiyo ndugu zake walipomletea kidumu, papa alizipaka nyuzi zote tatu kwa uangalifu, akaiacha besi kanisani, akarudi nyumbani ametulia.

Hakuwafikiria panya. Kilimani kwetu michikichi haioti kwa sababu ya baridi, na panya wa Masisi walizoea viazi na mahindi. Nadhani walikuwa hawajaonja kitu kama kile tangu kuzaliwa. Kesho yake tulikuta vipande vifupi vikining'inia kwenye vigingi, na nyayo ndogo nyekundu zimetapakaa juu ya sanduku lote hadi kwenye kitambaa cha altare. Papa Katekista, aliyesimamia kanisa letu, hakukasirika. Aliigonga besi kwa kiganja na kusema, "Mbao hii iko muzuri. Siku ya kubariki mabati mapya tutapata wageni wengi, na benchi haitoshe. Kama haiimbi mbele ya ile siku, tutaipasua tufanye benchi."

Mbuzi wa sikukuu hiyo angechinjwa siku moja tu kabla, na utumbo unahitaji muda mrefu wa kukauka. Mbuzi wa kuchinjwa mapema alikuwa wa Koko, yaani bibi yangu, mama mzazi wa mama, aliyetaka kuwakaribisha kaka zake. Hapo papa alikwama. Katika ukoo wetu matumbo ya mbuzi anayechinjwa nyumbani ni ya mwanamke mkubwa wa nyumba, na Koko aliyapenda kuliko mnofu. Tena, kwa desturi yetu, mkwe hamsemeshi mama wa mke wake wala hamtazami usoni. Basi papa alichuchumaa nyuma ya ua wa matete, mgongo ameugeuzia nyumba, na mama akasimama katikati. Mimi nilikuwa namenya viazi pamoja na Koko.

"Mama," mama yangu alianza, "papa wa watoto anaomba matumbo ya ile mbuzi."

"Anasikia njaa?"

"Hapana. Ni ya kufanya nyuzi ya besi."

Koko aliweka kisu chini. "Matumbo yangu aifanye muziki? Na miye nitakula nini, wimbo?"

Nyuma ya ua papa alikohoa. "Mwambie mama nitamuletea samaki ya moshi ya kwetu."

"Umwambie huyo mwenye kukohoa," Koko alisema kwa sauti kubwa, kana kwamba papa yuko Pinga kwenyewe, "samaki ya mwaka jana ilikuwa mifupa tupu. Na umuulize, nani alipikia panya mawese?"

Mama alicheka hadi akakaa chini. Papa hakucheka. Alisema polepole, "Mwambie, siku watapasua ile besi, miye niko tena muntu wa pori."

Koko alichukua kisu, akamenya kiazi chake hadi mwisho, akakitia majini. "Achukue ile ndefu," alisema. "Ile nene ibaki kwangu. Na ataosha binti yangu, siyo yeye. Yeye ataipaka tena kitu."

Tuliuosha mtoni, mama na mimi. Tuliugeuza ndani nje, tukaukwangua juu ya ubao kwa mgongo wa kisu, tukaulaza kwenye maji ya majivu, tukauosha tena. Papa aliusokota ungali mbichi, nyuzi nyembamba nyingi kuwa uzi mmoja mnene, hadi zikapatikana tatu, akazifunga kati ya nguzo mbili kivulini, mbali na jua na mbali na jiko, akazitundikia mawe. Kila jioni tulisali pale pale, naye alizigusa kabla ya kusema amina. Zilipokauka, mama alileta nta ya nyuki, na hiyo ndiyo papa aliyoipaka badala ya mawese, kidogo sana, kwa kitambaa. Tangu hapo alilegeza nyuzi kila baada ya ibada, akazifuta jasho la vidole, na usiku besi ililala nyumbani kwetu chini ya blanketi.

Siku ya mabati mapya kanisa lilijaa hadi nje. Papa alivuta uzi mnene, na mabati yenyewe yakaitikia juu. Koko, aliyekaa karibu na mlango, alimgonga jirani kwa kiwiko, na benchi nzima ikamsikia: "Ni matumbo yangu inalia pale!" Baada ya ibada alijaza bakuli la nyama, akampa mama. "Mupelekee mukwe wangu," alisema. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo kabla ya siku ile. Nyama ilikuwa ile nene ya mbuzi wa sikukuu, fungu lake mwenyewe.

Besi ile haipo tena. Tulikimbia vita zaidi ya mara moja, na kitu kirefu kumpita mtu hakibebeki mgongoni. Namshukuru Mungu kwamba waliobebeka walibebwa. Kanisa letu la leo lina besi nyingine, na anayeipiga ni dada mmoja mwenye mikono mirefu. Nyuzi zake zilinunuliwa Goma ndani ya bahasha. Zimetengenezwa kiwandani zifanane na utumbo, na kusema kweli sauti inafanana sana. Hazinuki chochote. Baada ya ibada mimi huzilegeza na kuzifuta, naye yule dada, aniitaye koko kwa uzee wangu, huniambia, "Koko, hii haiogope maji. Hata panya haiitaki." Namjibu kwamba najua, naendelea kufuta.

Pasaka iliyopita tulichinja mbuzi. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa nyumba sasa, matumbo yaliletwa kwangu, yote, pamoja na ile ndefu. Niliyapika kwa ndizi, na yalikuwa matamu. Lakini kabla ya kuyatia chunguni nilisimama kidogo mlangoni, nikasikiliza kama kuna mtu anakohoa nyuma ya ua.