Tumbo la Mbawakawa

Katika chumba cha nyuma cha makumbusho, Mama Wadudu, kama walivyomwita hata ndugu zake, alikuwa akingoja mbawakawa mmoja alainike. Mdudu mkavu hafunguliwi hivi hivi. Hufungiwa kwanza kwenye chombo chenye mchanga uliomwagiwa maji moto, mvuke umlegeze viungo.

Mbawakawa huyo, kijani cha kumeta kama kito, alikuwa wa pekee. Msitu alikookotwa ulishafyekwa, na wa pili hajaonekana. Kwa miaka mingi Mama Wadudu alishikilia kwamba wataalamu wa zamani walimweka kwenye jenasi, yaani ukoo wa wadudu, isiyo yake. Ushahidi wake ulikuwa tumboni mwa mdudu: mifereji miwili ambayo wadudu wa jenasi aliyobandikwa hawana. Jarida la sayansi lilikubali makala yake, kwa sharti kwamba afungue tumbo na kuchunguza viungo vya ndani.

"Bado unamkanda mgonjwa wako?" aliuliza wifi yake, mkata tiketi wa mlangoni, akichungulia.

"Nyamaza, wifi. Leo ndiyo leo."

Alifunua chombo, akainama. Tumbo lilikuwa limejibandua lenyewe. Pembezoni palikuwa na utando mweupe unaonata. Gundi. Juu yake, rangi ya kijani ilikuwa ikichuruzika.

Aliijua kazi ya mkono ule. Alimpigia simu mwalimu wake, mzee aliyemfundisha kushika koleo, aliyestaafu zamani.

"Yule wa kijani?" Mzee alicheka kidogo. "Alikuja ameliwa tumbo lote, mwanangu. Wageni walikuwa njiani, nikamtafutia jingine. Si alipendeza?"

"La mdudu gani, mwalimu?"

"Aa, nitakumbuka wapi? Makala yako inatoka lini? Nimewaambia wajukuu watanisomea."

"Haitoki."

Mzee akauliza taratibu, "Nimekuharibia?"

Alitaka kusema hapana. Alisema, "Pumzika, mwalimu. Nitakuja kukuona," akakata.

Wifi yake alikuwa amesikia yote. "Kwa hiyo ulikuwa unamtafutia ukoo chotara wa gundi," alisema, lakini utani haukumtoka vizuri. Akasogea karibu. "Mgundishe tena, basi. Nani atajua?"

Mama Wadudu alimtazama mdudu. Kichwa na mabawa havikusema lolote. Jenasi zote mbili zilikuwa na vya namna hiyo hiyo. Tumbo pekee ndilo lingesema, na tumbo la kweli liliishia kwenye vinywa vya funza kabla yeye mwenyewe hajaanza shule. Hakuwa na haki hata ya kumwacha kwenye jenasi ya zamani.

"Mimi nitajua," alijibu.

Aliandika kwa mhariri: naomba kuiondoa makala yangu. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Wifi yake alivuta kiti, akaketi kando yake. Ndipo Mama Wadudu akabonyeza.